Nipigie Mimi Kwanza

Yeye Shinyanga, wewe mgodini Geita, na mimba ya kwanza iko miezi tisa. Mmeshazungumza nani anaamua usiku ule ukifika?

Simu 17 ambazo hazikupokelewa. Ndizo nilizozikuta kwenye kabati la chuma asubuhi moja ya Novemba 2022, nilipotoka zamu ya usiku Geita. Kazini kwetu simu huachwa getini, unaingia na kofia ngumu na buti tu. Kumi na moja zilikuwa za mama yangu mzazi, nne za jirani, na mbili za namba nisiyoijua. Ya mke wangu hata moja haikuwepo, na hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu.

Nilipiga ile namba ngeni. Ikapokelewa na dereva. "Wewe ndiye mwenye mgonjwa?" akaniuliza. "Tulimfikisha, kaka. Yuko wodini, anaongezwa damu. Mtoto mzima, wa kike."

Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto, na watu wa zamu ya asubuhi wakawa wananipita wakidhani nimelewa usingizi.

Msomaji wangu, nimekuwa nikisoma kurasa hizi kuhusu wivu, mahari, mawifi na namna ya kumsoma mpenzi wako akinuna. Leo naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi vijana wenye ajira, tunaojiona tumeelimika, tunalipita kama vile halituhusu. Nataka kusema jinsi sentensi yangu moja ilivyokaribia kumuua mke wangu.

Sentensi yenyewe

Mimi natunza stoo katika kampuni moja inayohudumia migodi, upande wa Geita. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Shinyanga vijijini. Ndoa yetu, kama za wengi wa ukanda huu, ni ya simu na mabasi. Kazini wiki kadhaa, nyumbani siku chache. Unafika umechoka, unalala, unaamka, unaaga. Mshahara unaridhisha, sikatai, lakini mapenzi unayafanya kwa vifurushi vya dakika.

Mimba ilipofika mwezi wa nane tulimwita mama yangu aje akae naye. Kliniki walikuwa wameshamwambia mke wangu kuwa damu yake iko chini, hivyo asijifungulie zahanati, aende hospitali mapema. Tulipanga hivyo. Nilitenga shilingi 300,000 kwa ajili ya gari na mahitaji. Ziliwekwa wapi? Kwenye simu yangu, kwa namba ya siri yangu, ninayoijua peke yangu.

Siku ya kuondoka, begi liko begani, nikamgeukia mama. "Mama, likitokea lolote, nipigie mimi kwanza."

Nilijisikia mwanaume kamili nikisema vile, mume anayejali, baba mtarajiwa asiyetaka kupitwa na jambo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Mama akaitikia, "Sawa, mwanangu."

Mama yangu ni mwanamke wa Kisukuma wa zamani, na neno la mwanaye wa kiume kwake ni agizo. Katika dunia aliyokulia, mke wa mtu aliyetolewa ng'ombe haondoki usiku bila mwenyewe kujua. Nami nilikuwa nimemwekea muhuri.

Uchungu ulianza saa mbili usiku. Mama akapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akasubiri, akapiga tena. Mke wangu mkononi alikuwa na shilingi 12,000. Jirani akajitolea kutafuta gari, mama akasema, "Tungoje kidogo, mwenyewe atapokea." Mke wangu alikubali. Ni mwalimu, ana cheti na anajua kusoma ukutani kliniki palipoandikwa dalili za hatari. Lakini mbele ya mama mkwe, na kwa neno la mumewe alilolisikia kwa masikio yake, alikaa kimya na kuvumilia.

Ilipofika saa saba usiku, uchungu ulikuwa umeshakaza. Hospitali haikufikika tena. Jirani na mama walimshika mkono, huku na huku, mpaka zahanati ya kijiji. Saa nane na nusu mtoto akalia. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukata.

Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, hakumtafuta mume. Alimchoma sindano ya kuufanya mfuko wa uzazi usinyae, akaukanda tumbo, na kwa mkono wa pili akapiga namba tatu: 115.

Kuchelewa mara tatu

Baada ya mke wangu kurudi nyumbani nilianza kusoma, kwa sababu usingizi haukuwa unakuja. Nikakutana na kitu ambacho wataalamu wa afya ya uzazi wanakijua miaka mingi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa mama mjamzito anayekufa mara nyingi amecheleweshwa mahali patatu. Kwanza, nyumbani, kuamua kutafuta msaada. Pili, njiani, kukifikia kituo chenye uwezo. Tatu, kituoni kwenyewe, kupata huduma inayotakiwa.

Nilisoma mara mbili, nikajiona. Wa kwanza pale ni mimi! Siku zote nilipofikiria vifo vya wajawazito nilikuwa naona barabara mbovu, dawa hakuna, nesi mkali. Kumbe kabla ya barabara kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna watu wawili waliooana, na mmoja wao anasubiri ruhusa ya mwenzake.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kuu za vifo vya akina mama duniani. Wataalamu wanahesabu kuwa ni hatari damu ikizidi nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji unayonunua stendi. Mama aliyekuwa mzima anaweza kufariki ndani ya saa chache, na mwenye upungufu wa damu tangu mwanzo, kama mke wangu, muda wake ni mfupi zaidi. Sisi tulikuwa tumetumia saa tano kusubiri simu ipokelewe.

Dereva wa usiku

Sasa nikueleze kuhusu ile 115, maana wengi wetu tunaiona kwenye mabango tu.

Mfumo unaitwa m-mama. Ulianza kujaribiwa huku kwetu Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2010, Sengerema na sehemu za Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali, Vodafone Foundation na mashirika ya Touch Foundation na Pathfinder International. Wazo lake ni jepesi mpaka unajiuliza kwa nini halikuja mapema. Magari ya wagonjwa ni machache, na vijiji viko mbali. Lakini karibu kila kijiji kina mtu mwenye gari, yule mwenye Probox au Noah anayepeleka watu mnadani na kwenye misiba. Basi, mtu huyo anaandikishwa na kupewa maelekezo, anaitwa dereva jamii.

Mtu akipiga 115, bure, anapokea mratibu aliye kwenye kituo cha simu saa 24. Anauliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa na anaangalia mgonjwa apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linatumwa. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva jamii wa eneo lile. Dereva hatoi bei wala hamuulizi mgonjwa nauli. Malipo yanapigwa kwa umbali, na akishamfikisha na mhudumu akathibitisha, pesa inaingia kwenye simu yake. Wanaohudumiwa ni wajawazito wenye dharura, waliojifungua mpaka siku ya 42, na watoto wachanga chini ya siku 28.

Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uenee nchi nzima. Shinyanga ilikuwa imeshauonja kabla.

Nilimtafuta dereva aliyempeleka mke wangu. Nilimkuta mchana, kwenye kivuli cha mwembe, anakula muwa. Nilikuwa na bahasha mkononi, nimejiandaa na hotuba. Akaikataa. "Nimeshalipwa, kaka. Ukitaka kunipa kitu, nipe namba ya mama mtoto wako niiandike. Siku nyingine apige mwenyewe, asimngoje mtu." Akacheka, mimi sikucheka.

Aliniambia kuwa usiku ule aliamshwa, akavaa suruali juu ya bukta, na ndani ya dakika ishirini alikuwa mlangoni pa zahanati. Alisema barabara kwake si tabu. "Tabu ni ukifika unakuta watu bado wanajadiliana."

Wazee wetu huku wanaijua hali ya kuitana usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, ni watu wa maeneo haya ya Kahama na Shinyanga walioanzisha sungusungu. Ukipigwa mwano, kila mwanaume anatoka na silaha yake, hakuna anayeuliza ng'ombe ni wa nani. Nilimuuliza mama: kwa ng'ombe tulitoka bila ruhusa, kwa mzazi mbona tunasubiri? Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mlituambia tusubiri ninyi."

Tuseme ukweli wa takwimu

Kuna habari njema na si haki kuificha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya nao wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hicho hicho.

Sifa hiyo haiwezi kwenda kwa namba moja ya simu. Kuna vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya vya kata, kuna wakunga walioajiriwa, benki za damu, barabara. Wewe wa Geita unaijua vizuri ile habari ya kivuko cha Kigongo–Busisi: mgonjwa amepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na ziwa liko katikati linamwangalia. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 linapitika, na foleni ya kivuko imebaki kuwa simulizi.

Lakini rudi kwenye kuchelewa mara tatu. Daraja linatibu la pili. Chumba cha upasuaji kinatibu la tatu. La kwanza hakuna mkandarasi wa kulijenga. Serikali haiwezi kuingia chumbani kwako saa mbili usiku kumwambia mama mkwe, "Mwache aende." Hilo mmeachiwa wawili.

Pesa ipo, mke hana nauli

Ukanda wetu huu una mambo yake. Kuanzia Geita, Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, ukatize Kakola mpaka Kahama, pesa inazunguka. Kuna migodi mikubwa. Geita imeanza kuchimba 2000, Bulyanhulu 2001. Na kuna wachimbaji wadogo, wanaapolo, wanaoshinda kwenye maduara na makarasha wakisubiri siku ya kutoboa. Kote kuna jambo linalofanana: mwanaume yuko mahali ambapo simu haipatikani, na pesa iko mfukoni mwake.

Aliye mgodi mkubwa ameacha simu kwenye kabati. Aliye kwenye duara yuko mita nyingi chini ya ardhi. Nyumbani kuna mwanamke ambaye mumewe ana uwezo wa kukodi gari hata la kwenda Dar, lakini yeye hana elfu ishirini ya kumfikisha barabarani. Nimewauliza wenzangu kumi na wawili kazini: nani mkewe anajua namba ya siri ya simu yake, au ana akiba ya dharura inayokaa kwake? Watatu walinyoosha mkono. Wengine walinicheka. "Ukimpa mwanamke namba ya siri umemaliza!" Nilikuwa nacheka hivyo hivyo, miezi michache tu nyuma.

Kuna jambo la pili la hapa kwetu: zebaki. Mchimbaji mdogo anaitumia kunasa dhahabu, kisha analichoma lile donge ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Inaruka kwenda wapi? Kwenye mapafu ya aliye karibu. Na wengine, kwa kuogopa kuibiwa, huchomea nyumbani, jikoni, kwenye jiko lile lile mama mjamzito anapopikia ugali. Mvuke wa zebaki ukivutwa na mama unapita hadi kwa mtoto tumboni na unaweza kudhuru ubongo unaojengeka. Haiwashi wala haitoi harufu ya kukushtua.

Si jambo geni kwa wataalamu. Kati ya 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa zebaki katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania palichaguliwa Rwamagasa, Geita, kuonyesha njia salama zaidi kama kuchomea ndani ya chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia 2020, umepewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye samaki, na akina mama walioonekana wazima wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Kwa hiyo kaka yangu mwanaapolo, au dada unayeolewa na mwanaapolo, kanuni ya kwanza ya mapenzi katika nyumba yenye mimba ni hii: zebaki isivuke mlango. Si jikoni, si chini ya kitanda, si kwenye nguo za kazi anazofua mama kijacho.

Maneno yanayochelewesha

Nilipoanza kuongea wazi kuhusu yaliyotupata, watu walinifungulia mengi. Kuna mmoja aliniambia kuwa mkewe alipochelewa kujifungua, wanawake wa ukoo walimzunguka na kumtaka ataje wanaume aliotembea nao, eti uchungu ukikwama ni dhambi ya kutoka nje ya ndoa. Imani hii iko sehemu nyingi za nchi yetu. Fikiria: nyonga ni nyembamba au mtoto amekaa vibaya, tatizo la upasuaji kabisa, na wewe unaendesha kesi ya ugoni! Mwanamke mwaminifu anatafuta jina la kutaja ili yaishe. Na akishataja, hata akipona, ndoa inabaki na nini?

Wengine wanasema dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Nami siwadharau wazee. Mtafiti wa Kimarekani, Denise Roth Allen, aliyeishi vijijini Shinyanga miaka ya 1990 na kuandika kitabu kuhusu uzazi wa huku, alionyesha kuwa wanawake wa hapa wana hesabu zao za hatari, na mara nyingi hazilingani na zile za kliniki. Mama yangu alizaa saba nyumbani. Alizika wawili. Ana elimu yake, na amelipia. Ndiyo maana kumwekea bango la "usifanye" mbele ya macho hakumbadilishi. Kumshirikisha kunambadilisha. Laiti ningekaa naye nusu saa nikamweleza habari ya damu ya mkwewe kuwa ndogo, mama angekuwa wa kwanza kuita gari. Nilimpa amri pale nilipotakiwa kumpa habari.

Na sisi wanaume tunaipata wapi habari yenyewe? Kliniki. Wangapi mmekwenda? Mimi nilikwenda mara moja, mwanzoni kabisa, tukapimwa VVU pamoja, nikaona nimemaliza kazi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu angalau mara nane. Katika nane, mara moja yangu ni aibu. Sisemi wote tunaweza. Zamu ni zamu. Tena kuna sehemu mama asiye na mwenzi hupata usumbufu, anaambiwa alete barua ya mwenyekiti, jambo ambalo linawaumiza waliotelekezwa na waliofiwa. Lakini simu tunazo. Siku ya kliniki mpigie, usimuulize "vipi, poa?" Muulize: shinikizo la damu limesomekaje? Wingi wa damu je? Wamekuambia ujifungulie wapi?

Kaeni chini wawili

Kama mna mimba, au mnaitafuta, funga ukurasa huu mkimaliza kujibu haya, wote wawili, na kama mama mkwe yupo mwiteni asikie.

1. Nani anaamua? Jibu ni moja: mwenye uchungu. Akisema twende, mnakwenda. Mume anapewa taarifa gari likiwa njiani.

2. Wapi? Chagueni kituo mapema kwa ushauri wa kliniki. Mwenye mimba ya kwanza, pacha, damu kidogo, shinikizo la damu, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji asipange zahanati.

3. Kwa gari gani? Andikeni namba za watu wawili wenye magari. 115 iandikwe ukutani kwa kalamu nene, na simu ya mama isikose chaji usiku.

4. Kwa pesa ya nani? Akiba ya uzazi ikae mkononi au kwenye simu ya mjamzito. Isiwe ya kuombwa.

5. Nani atatoa damu? Tafuteni ndugu wawili wazima walio tayari.

6. Dalili gani hazisubiri? Kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Moja tu inatosha kuondoka.

7. Na baada ya kujifungua? Hatari haiishi mtoto akilia. Siku 42 za mwanzo mama bado ni wa kuangaliwa. Usimwache peke yake ukakimbilia kupongezwa.

Tulichosemeshana

Nilifika wodini jioni ya siku ile, vumbi la njia yote mwilini. Mtoto alikuwa amelala, mdogo kama mkate. Mke wangu midomo ilikuwa myeupe. Nilianza kulia na kuomba msamaha, nikisema sikujua, kazi, simu, getini. Akaniacha nimalize.

"Mimi sikukasirikia simu yako," aliniambia polepole. "Nilikuwa nimelala pale nasubiri ruhusa yako ili nisife. Hicho ndicho kilichoniuma."

Haikuisha siku ile. Miezi miwili alikuwa ananijibu kwa heshima, yaani heshima tupu, kama mtu anayeongea na mkuu wa shule. Nilinunua kitenge, nikanunua simu mpya, wapi! Kilichotusogeza ni usiku mmoja nilipompa simu yangu nikamwambia namba ya siri, nikamwambia na mshahara wangu kamili, ambao hakuwahi kuujua. Aliandika kwenye daftari lake la maandalio ya somo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Binti yetu sasa anakimbia, anawafukuza kuku wa bibi yake. Mwaka jana mke wa mdogo wangu alikuwa anakaribia kujifungua, naye mdogo wangu yuko Nyarugusu kwenye duara. Alimpigia mama kumuaga, na kwa mazoea ya nyumbani kwetu akaanza: "Mama, likitokea lolote nipigie..."

Mama akamkata. "Nitakupigia ukishakuwa baba," akamwambia, akakata simu, kisha akaenda kuangalia kama ya mkwewe imejaa chaji.